Mbofyaji mwenye papara: nimezipima jQuery, Bootstrap, CSS na Web Animations API

Swali ni hili: mtu akibofya tena wakati animesheni, yaani mwendo wa kitu kwenye ukurasa, bado inaendelea, nini kifanyike? Nianze na hukumu, maana najua wapo watakaoishia aya hii. Kwa paneli, menyu na chochote kinachofunguka na kufungika, chukua Web Animations API (njia ya kivinjari chenyewe ya kuendesha animesheni kwa JavaScript) na amri yake ya reverse(), inayougeuza mwendo, au CSS ya kawaida (lugha ya mwonekano wa ukurasa) kama kazi ni ndogo. Kwa slaida za picha, mtindo wa Bootstrap (mkusanyiko wa vijenzi vya kurasa vilivyo tayari) wa kupuuza mibofyo unafaa nusu tu. jQuery, maktaba ya JavaScript, bado naiheshimu, ila kwa kurasa za zamani zisizobomoleka. Na anayelinda kitufe kwa setTimeout (saa ya JavaScript ya kungoja) peke yake, huyo nina ugomvi naye, nitamfikia.

Kazi yangu ni kurithi kurasa za watu. Mtu anajenga, anaondoka, kisha naitwa mimi. Lalamiko linaloongoza ni hili: "Menyu inacheza yenyewe." Ukifungua msimbo unakuta kila mbofyo unaanzisha animesheni mpya bila kuuliza kama ya kwanza imekwisha. Aliyeujenga alibofya mara moja, akaona inapendeza, akalala. Watumiaji hawabofyi hivyo. Wapo wanaobofya mara mbili kila kitu, tabia waliyotoka nayo kwenye kufungua mafaili. Wapo ambao mikono yao hutetemeka. Wapo wanaobofya tena kwa sababu ukurasa umechelewa kuitikia. Na wapo waliobadili nia katikati, kundi ambalo vifaa vingi vinalisahau.

Kipimo changu si cha maabara. Nina ukurasa mmoja wenye vitu vitatu: paneli inayoteremka, slaida ya picha, na kisanduku cha ujumbe kinachofifia. Kila kifaa kinapita mateso yaleyale. Nabofya kwa kasi yote niliyo nayo. Nakiingiza kipanya kwenye menyu na kukitoa bila kutulia. Nashikilia Enter nikiwa juu ya kitufe, maana kivinjari huhesabu kila marudio ya Enter kuwa mbofyo mpya, wakati Space husubiri uiachie kwanza. Kisha nahamia kichupo kingine animesheni ikiwa njiani, narudi. Mwisho nawasha mpangilio wa kupunguza miondoko, narudia yote upya. Jaribio hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi, na ndilo karibu kila mtu analiruka.

Tuanze na mzee. jQuery, ambayo John Resig aliitoa mwaka 2006, huipa kila elementi (kipande cha ukurasa) foleni yake ya animesheni, iitwayo fx. Ukiita slideToggle(), amri ya kuteremsha au kupandisha paneli, bila kutaja muda, inachukua milisekunde 400. Bofya mara tano upesi upesi, na paneli itapanda na kushuka kwa sekunde 2 nzima huku mkono wako ulishatoka kwenye kipanya. Foleni hiyo huitikia kila hodi hata kama mgeni ameshaondoka mlangoni. Lakini haikuwekwa kwa uzembe. Ukitaka kitu kiteremke kwanza, kisha kififie, kisha kisogee, foleni ndiyo inayokuwezesha kuandika amri tatu mfululizo bila kusumbuka. Kasoro ni kwamba mpangilio ulioandikwa na mjenzi na vurugu ya mbofyaji vinaingia katika foleni moja.

Tiba yake ni stop(), na hapa ndipo watu wengi hunakili bila kusoma. stop() tupu husimamisha animesheni inayoendelea, halafu iliyofuata kwenye foleni inaanza papo hapo. Kwa hiyo kama foleni imeshajaa, hujazima kitu, umeruka hatua moja tu. stop(true) inasimamisha na kuifuta foleni, kitu kinabaki palepale kilipofika. stop(true, true) inaifuta foleni na kuirusha animesheni ya sasa hadi mwisho wake. Kisha kuna finish(), iliyokuja na toleo la 1.9 mwaka 2013, ambayo hukipeleka kitu mahali ambapo kingefika kama foleni yote ingetimizwa. Tofauti ya hizi mbili za mwisho inaonekana ndogo hadi siku utakapokuwa na hatua nne zinazosubiri: ya kwanza inamaliza hatua ya sasa tu na kuzitupa nyingine, ya pili inazitimiza zote kwa mkupuo.

Chaguo langu kwa paneli ni stop(true) mbele ya slideToggle(). Sharti ni toleo la 1.7 au jipya zaidi. Matoleo ya nyuma yake, ukisimamisha katikati, yalisahau urefu halisi wa paneli: yalichukua ule wa nusu njia kuwa ndio urefu kamili, na kadiri ulivyobofya paneli ilizidi kufupika, wakati mwingine ikapotea kabisa. Ukikuta ukurasa wenye "paneli inayomezwa", angalia namba ya toleo kabla hujagusa kitu kingine.

Hata katika matoleo mazuri kuna jambo linanikera. Paneli ikiwa imeteremka kidogo tu, ukabofya irudi, jQuery huurudisha ule umbali mfupi kwa milisekunde zilezile 400. Matokeo yake ni mwendo wa kujivuta. Mtumiaji hawezi kulitaja kosa, ataona tu kuwa ukurasa ni mzito.

Njia nyingine inayosifiwa sana ni kuuliza kwanza: kama is(':animated') inajibu ndiyo, mbofyo unatupwa. Mstari mmoja, kazi imekwisha. Ina mtego, na ukurasa wa mteja mmoja nilioukarabati ulikuwa umenasa humo: alama hiyo inaziona animesheni za jQuery pekee. Kama klasi (jina linalobeba mtindo wa CSS) imeongezwa kwa jQuery lakini mwendo wenyewe unafanywa na CSS, jibu litakuwa hapana kila wakati, na ulinzi wako ni pambo. Tena toleo jembamba la jQuery, lile la slim, halina kabisa sehemu ya animesheni. Watu huliweka ili kupunguza uzito wa ukurasa, kisha wanashangaa slideToggle() imeenda wapi.

Kuhusu kuhama kichupo, jQuery ina historia yake. Toleo la 1.6 la mwaka 2011 lilianza kutumia requestAnimationFrame, njia ya kivinjari ya kupanga kila fremu ya mwendo, ambayo vivinjari huisimamisha kichupo kikifichwa. Slaida zilizokuwa zikijiendesha kwa saa ziliendelea kuongeza kazi kwenye foleni isiyosogea, na mtu akirudi anakuta picha zinakimbizana. Mwaka huohuo, katika 1.6.3, wakaiondoa. Ilirudi katika 3.0 mwaka 2016. Katika kipimo changu toleo la 3 lilipita hapa bila tatizo, na nalipa alama zake zote.

Sasa Bootstrap, ambayo msimamo wake umeandikwa wazi kwenye nyaraka zake: amri ikitolewa kwa kijenzi kilicho katikati ya mwendo, inapuuzwa. Basi. Naupenda ukweli wa namna hiyo. Ninachokipenda zaidi kimefichwa ndani ya msimbo. Ili kujua mwendo umekwisha, Bootstrap 5 inasikiliza tukio la transitionend, taarifa ya kivinjari kwamba mwendo wa CSS umekwisha, lakini hailiamini peke yake. Inausoma muda ulioandikwa kwenye CSS, inaongeza milisekunde 5, na kama tukio halijafika ifikapo hapo, inalizusha yenyewe ili kufuli linalozuia mibofyo lifunguke. Milisekunde 5 hizo zinaonyesha kuwa aliyeuandika msimbo ule amewahi kuumwa.

Maana transitionend haitegemeki. Haiji kama thamani haikubadilika. Haiji kama elementi imefichwa kwa display: none katikati. Haiji kama muda ni sifuri. Inakuja mara nyingi kama sifa zinazosogea ni nyingi, moja kwa kila sifa. Na inapanda juu kutoka kwa watoto, kwa hiyo kitufe kidogo ndani ya paneli kikibadili rangi, paneli inaweza kudhani ni yake iliyokwisha. Kama utaitumia, hakikisha angalau event.target ni paneli yenyewe na event.propertyName ni ile sifa unayoingoja.

Hapo kwenye muda wa sifuri ndipo jaribio la kupunguza miondoko linapoua. Mjenzi mwema anaandika kwamba anayeomba miondoko ipunguzwe apewe transition: none, yaani bila mwendo wowote. Vizuri. Lakini kufuli lake linafunguliwa na transitionend, ambayo sasa haitakuja kamwe. Mtumiaji anabofya mara moja, menyu inafunguka, na haifungiki tena mpaka aupakie ukurasa upya. Yule aliyekusudiwa kuhurumiwa ndiye amefungiwa nje. Nimelikuta hili kwenye kurasa zilizojengwa kwa uangalifu mkubwa kuliko hizi za kawaida ninazorithi, na linaniudhi kuliko kasoro nyingine yoyote katika tathmini hii.

Nirudi kwa Bootstrap. Kupuuza kunakubalika kwenye paneli yake, ambayo mwendo wake wa kawaida ni milisekunde 350. Kwenye slaida za picha, ambapo mwendo ni milisekunde 600, nalalamika. Mtu anayetaka picha ya tano akiwa kwenye ya kwanza hubofya mara nne. Bootstrap inampa moja, labda mbili. Anabofya tena, anapata moja. Hapo tumemgeuza awe mlinzi wa saa. Kwenye slaida mimi hufanya kinyume: mbofyo mpya unaimaliza animesheni ya sasa papo hapo, kisha inayofuata inaanza. Anayebofya taratibu anauona mteremko mzuri, anayekimbia anaziona picha zikibadilika kwa kasi ya kidole chake. Kwa jQuery hiyo ni finish() kabla ya animate(). Hakuna mbofyo unaopotea, hakuna foleni.

Na sasa yule mwenye setTimeout. Anaweka alama kwamba kitufe kimefungwa, anaanzisha mwendo, halafu baada ya milisekunde 400 anakifungua. Msimbo wake unafanya kazi mpaka mbunifu abadilishe CSS kuwa 600, na hakuna atakayekumbuka kwamba namba ileile imeandikwa pia kwenye faili jingine. Kichupo kikifichwa, vivinjari huzichelewesha saa hizi hadi mara moja kwa sekunde, wakati CSS ina hesabu yake. Wawili wanaoshika saa mbili tofauti hawawezi kukubaliana lini mwendo umekwisha. Kama lazima utumie saa, isome kutoka kwenye CSS yenyewe, kama wafanyavyo Bootstrap.

Kuna ndugu zake wawili. Wa kwanza anaweka pointer-events: none juu ya kitufe. Kipanya kinazuiwa kweli, lakini Enter inapita kama kawaida, na mbofyo wenyewe haufi, unakiangukia kitu kilicho nyuma ya kitufe. Kama nyuma yake kuna kiungo, mtumiaji atajikuta ukurasa mwingine. Wa pili anatumia disabled. Hii inazuia kipanya na kibodi pia, ila kitufe kilichokuwa kimelengwa kinaweza kupoteza mlengo, na anayetumia kibodi au kisoma skrini anabaki akitapatapa. Afadhali aria-disabled, inayokiambia kisoma skrini kuwa kitufe kimezimwa bila kukizima kweli, pamoja na ukaguzi ndani ya msimbo.

(Kwa kitufe cha kutuma malipo, yote haya ni mapambo. Zuia ndiyo, onyesha kuwa kazi inaendelea ndiyo, lakini seva ndiyo inayotakiwa kulitambua ombi lililorudiwa na kulikataa. Animesheni haijawahi kumlinda mtu asitozwe mara mbili.)

CSS yenyewe, bila msaada wa mtu, ilinishangaza kwa uzuri. Ongeza klasi, ondoa klasi, acha kivinjari kifanye kazi. Ukibofya katikati, mwendo mpya unaanzia pale kitu kilipo, hakiruki. Zaidi ya hapo, vipimo vya W3C, shirika la viwango vya wavuti, vimelifikiria lile lililonikera kwa jQuery: ukiugeuza mwendo ukiwa robo ya njia, kurudi kunachukua robo ya muda. Hakuna kujivuta. Hakuna kufuli, hakuna foleni, hakuna JavaScript ya kulinda chochote. Enter niliishikilia nikachoka, na paneli iliishia pale palipotakiwa na mbofyo wa mwisho. Kupunguza miondoko nako hakukuharibu kitu, kwa sababu hakuna kinachongoja tukio.

Masharti ni mawili. Hili linahusu transition (mwendo wa CSS kutoka hali moja hadi nyingine), si @keyframes (animesheni ya CSS yenye hatua zilizoandikwa). Animesheni ya @keyframes ukiiondolea klasi katikati inakatika na kitu kinaruka. La pili ni urefu. Kwa miaka mingi CSS haikuweza kusogeza height kutoka 0 hadi auto, na naamini hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya slideToggle() ya jQuery iishi muda mrefu hivi. Chrome iliongeza interpolate-size, sifa inayoliruhusu hilo, katika toleo la 129 mwaka 2024. Mimi bado natumia ujanja wa gridi: grid-template-rows kutoka 0fr hadi 1fr, na mtoto wake overflow: hidden.

Nimeacha Web Animations API ichukue nafasi ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Unaita element.animate(), unarudishiwa kitu cha kushika mkononi, chenye hali yake, kasi yake na mwisho wake. Tengeneza animesheni moja ya paneli, ihifadhi, na kila mbofyo uite reverse(). Ikiwa katikati, inageuka palepale na kurudi kwa umbali uliobaki tu. Ikiwa imeshafika mwisho, inaanza kurudi kutoka mwisho. Hapo tatizo la mibofyo mingi limeyeyuka bila kuzuia mbofyo hata mmoja, na mbofyaji aliyebadili nia anapata alichokitaka.

Nalisisitiza hili kwa sababu mjadala mzima huwa umeegemea upande mmoja. Swali linaloulizwa ni namna ya kuilinda animesheni dhidi ya mtu. Lakini menyu ikifunguka kwa bahati mbaya, nikabofya kuifunga, na mbofyo wangu ukatupwa ili mwendo ukamilike kwa heshima, nimefanywa mtazamaji. Ninachokipinga ni mkatiko mbaya: kuruka, kurundikana, kupotea. Mkatiko wenyewe sina shida nao. Kufuli nalibakizia kazi zisizoweza kugeuzwa, kama kadi iliyokwisha kufutwa ambayo inaondoka skrini.

Kwa kazi hizo, API hii ina finished, ahadi (Promise ya JavaScript) inayotimia mwendo ukikamilika. Inashinda transitionend kwa mbali, lakini isome vizuri. Ukiita cancel(), ahadi inakataliwa kwa kosa la AbortError, kwa hiyo fungua kufuli ndani ya finally, sehemu inayoendeshwa hata ahadi ikikataliwa, la sivyo utarudi kwenye menyu iliyokufa. Ukiita reverse() katikati, ahadi haikataliwi, inatimia mwendo ukifika upande wa pili. Maana yake "imekwisha" haikuambii kama paneli iko wazi au imefungwa. Hifadhi nia ya mtumiaji mahali pake, usiikisie kutoka kwenye animesheni.

Ninachokitumia zaidi ya vyote, hata kwenye kurasa ambazo mwendo wake ni CSS tupu, ni getAnimations(). Uliza elementi ina animesheni gani zinazoendelea, na inakujibu zote, zikiwemo transition na @keyframes. Ndiyo ile is(':animated') tuliyoitaka, sasa ikiwa na macho mawili. Ukiongeza subtree: true inahesabu na za watoto. Tangu mwaka 2020 Chrome, Firefox na Safari zote zinaielewa API hii kwa kiwango cha kutosha kazi ya kila siku.

Kasoro? Zipo. Mwendo ukiisha, kitu kinarudi kilivyokuwa usipoweka fill (mpangilio wa kubakiza hali ya mwisho) au usipoita commitStyles() (inayoiandika hali hiyo kwenye elementi), na fill: 'forwards' iliyosahaulika itazishinda CSS zako na kukupotezea mchana mzima. La pili ni ladha, ila nalihisi kila mara: reverse() inacheza mwendo uleule kinyumenyume, kwa hiyo paneli iliyofunguka kwa kasi na kutulia taratibu, ikirudi inaanza kwa uvivu kisha inakimbia. Transition ya CSS haina hili, huanza upya na mwendo wake wa mbele. Kwa sababu hiyo pekee, paneli ndogo nazibakiza kwenye CSS.

Nimeigusa kidogo na View Transitions, njia ya kivinjari ya kuupa mwendo ukurasa unapobadilika, iliyoingia Chrome 111 mwaka 2023. Inapendeza macho. Mwendo ukiendelea, picha ya ukurasa hufunika ukurasa wenyewe, na mbofyo unaliangukia hilo pazia badala ya kitufe. Ukiita startViewTransition() nyingine, ya kwanza inarukishwa hadi mwisho. Yaani kivinjari kimekuchagulia tabia mbili bila kukuuliza: kibodi na msimbo vinaweza kukatiza, kipanya hakiwezi. Kwa milisekunde 200 sijali. Nimeiona ikitumika kwa sekunde nzima kwenye ukurasa wa orodha, na pale niliondoka kabla picha hazijatulia.